Punda wa Vitone Kumi na Vinne

Mwanzo alikuwa vitone kumi na vinne.
Nilivichora kwenye daftari la hesabu, kimoja kila mraba:
masikio viwili, mkia kimoja, miguu vinne,
na saba vilivyosalia vikawa kichwa na mgongo wa kubebea mawe.

Simu ilikuwa ya mamangu mdogo, Shufaa.
Kitochi. Kioo chake hakizidi kiberiti.
Nne kushoto, sita kulia,
tano: tua mzigo.
Mchezo mzima ulikuwa mwepesi
kuliko picha moja ya harusi za siku hizi.
Punda hutoka gatini, apande hadi Mkomani,
ukuta huku, ukuta huku,
na akikutana na mwenziwe uchochoroni
mmoja hana budi kurudi kinyumenyume.
Sheria ni hiyo tu. Sikuitunga mimi,
niliikuta imejengwa.

Shufaa alifika alama elfu tisa mia tisa tisini na tisa,
akatua jiwe moja zaidi,
na hesabu yote ikarudi sifuri.
Sikuwa nimeacha nafasi ya tarakimu ya tano.
"Umenipunja," akasema.
Akaendelea kumenya vitunguu. Sikujua nijibu nini.

Zikaja simu zisizo na vitufe.
Kidole changu kikamfunika punda mzima.
Twalibu, fundi wa simu pale Langoni,
alinipangia mezani simu kumi na moja za wateja,
nyingine zina nyufa, moja inanuka mafuta ya taa,
akasema, "Jaribu zote. Hakuna mbili zilizo ndugu."
Kwenye ya kwanza punda alikatwa miguu.
Kwenye ya nne alirefuka kama mjusi.
Ya tisa ilikuwa pana,
uchochoro nao ukapanuka,
ukapanuka hadi lori lingepita.
Lori, Mkomani!
Shufaa aliinua miwani, akatazama.
"Ndia gani hii? Hapa si Amu."

Simu za wenye pesa zilikuwa na lango lao,
ada kila mwaka, na lugha nyingine kabisa.
Nikamfundisha punda kutembea upya, tangu kwato,
kwa kompyuta ya binamu yangu Nadhra,
saa za usiku tu, mtoto wake akishalala.
Mkaguzi, sijui wa nchi gani, akaurudisha mchezo.
Akauliza: mbona mchezaji hafiki mwisho?
Nikamwandikia: mawe hayaishi, bwana.
Siku sita kimya.
Ya saba, akapitisha.

Sasa naambiwa andika mara moja, peleka kote,
na ni kweli, kiasi.
Punda wangu ana kivuli, ana kope,
akichoka hupiga chafya.
Lakini upana wa vioo ulinisumbua mwezi mzima,
nikaongeza milango, nikaongeza baraza, paka, madumu ya maji,
nikafuta vyote.
Mwishowe nikaacha giza pande mbili za kioo.
Watu wakalalamika: nafasi inapotea bure.
Haipotei. Ni kuta.

Shufaa hakununua simu mpya.
Betri ya kitochi ameibana kwa mpira wa nywele,
na kila akifika elfu kumi
anaanza tena sifuri, bila kuniambia.
Niliambiwa na Twalibu.

Basi nililitafuta lile daftari.
Nikaitafuta ile kodi ya kale, mistari mia nne,
niliyoiandika nikiwa sijui ninalolifanya,
nikaifungua kama mtu anayebomoa ukuta wa jirani,
jiwe moja, pole pole, usije ukamwangukia.
Siku tatu kwa tarakimu moja.
Watumiaji wa toleo hilo: mmoja.

Juzi simu ikalia.
"Elfu kumi na mbili na arubaini," akasema,
wala hakunisalimu.
Nikamwambia hongera.
"Hongera za nini? Nikate sasa,
nimemwacha kasimama uchochoroni,
na mwingine yuwaja."