Kikombe cha Saa Nane

Saa nane usiku, hapa Klaksvík, hata kondoo wamenyamaza.
Nashuka ngazi kwa soksi,
nawasha taa ndogo iliyo juu ya jiko,
naweka kikombe kwenye mizani, nairudisha sifuri.
Gramu thelathini na nne.
"Si thelathini na tano, Hanus," alinionya muuguzi,
"wala usipime kwa kijiko. Kijiko kina huruma ya uongo."

Wanga wa mahindi.
Mweupe kuliko theluji yetu, ambayo huja na matope.
Ukiubana vidoleni unalia kama kiatu kipya.
Hauna harufu, hauna mafuta,
hauna vitamini ya kutajwa mbele za watu;
ni nguvu tupu iliyokunjwa.
Na mahindi yenyewe sijapata kuyaona shambani:
visiwa hivi huotesha nyasi, viazi,
na yale mabua mekundu, machachu,
ambayo Bjørg huyapika Jumapili.

Mchana wanga huu una tabia nyingine.
Bjørg huukoroga kwanza kwa maji baridi
(ukiutupa mkavu sufuriani utavuna mabonge),
kisha huumimina polepole juu ya mabua yanayotokota,
na mara ukungu unaondoka, rojo inang'aa,
inashika mgongo wa kijiko.
Mchuzi wa kondoo nao hupata mwili hivyo hivyo.
Moto ndio unaoufungua,
na kilichofunguliwa na moto, tumbo hukimaliza upesi.

Usiku hatutaki upesi.
Ini la Rannvá ni ghala lenye mlango wa kuingilia tu:
sukari huingia, ufunguo wa kuitoa hakuzaliwa nao.
Kwa hiyo mbichi, kwa maji ya bomba,
ili chembe zimeguke mojamoja hadi asubuhi,
kama mdaiwa mwaminifu, senti kwa senti.
Koroga, nywa, koroga tena.
Ukizubaa umeshatua chini:
ugonge, unakuwa saruji;
ubembeleze, unakuwa maziwa.

Usiku mmoja wa Februari kengele ya simu ilinipita.
Nilikuwa nimetoka zamu ya kukata minofu, nikalala kama gogo.
Kilichoniamsha ni birika.

Rannvá, miaka sita na nusu, juu ya kigoda,
mizani ikisoma thelathini na nne sawasawa,
anamimina maji ya moto.
"Nimetengeneza mwenyewe, baba. Ili ulale.
Na nilitaka mara moja tu iwe na joto."
Kijiko kilikuwa kimesimama wima kikombeni.

Sikumgombeza.
Nilitazama midomo yake, nikagusa paji kama lina jasho,
nikamchoma kidole, nikasoma namba: muda bado ulikuwapo.
Nikapima upya. Maji ya bomba.
Akanywa amefumba macho,
akabaki na masharubu meupe,
akalala begani kwangu kabla hatujafika ngazi ya tatu.

Nikarudi kuzima taa.
Rojo yake ilikuwa bado mezani, ikitetemeka kidogo,
haina sukari, haina ladha ya kitu chochote.
Nikaila yote, nimesimama,
ingali ya moto.