Kitenge Kitarudishwa

Mwezi uliopita, humu bandani Nzuguni,
waliketi waamuzi wa ng'ombe,
fahali wa Mpwapwa akavikwa utepe.
Tumefagia mara tatu, harufu imegoma kutoka.
Eunike kasema: iacheni,
hata huko juu watu watafuga.

Tumeutundika mwaka elfu mbili mia moja sitini na tatu
kwa waya wa uzio.

Mimi nimepaka ukuta ngeu
kama walivyopaka miamba ya Kolo:
watu warefu, wembamba, nywele kama mawingu.
Hakuna ajuaye mikono ile ilikuwa ya nani.
Mimi nimeamua: ya wanawake.

Katikati kasimama wa Perisi, futi tisa,
vazi lake la anga viroba vya saruji
alivyookota Mtumba akiwauzia mafundi chai.
Mgongoni vibuyu viwili vya hewa.
Kifuani ilimba; gusa chuma cha tatu
usikie mvua ikishuka juu ya tembe.

Mwanafunzi kauliza kama huko bando litashika.
Bwana mwenye kitambulisho shingoni kauliza
wanaume tumewaweka wapi.
"Wapo," kasema Eunike, "wanachunga mbuzi."

Saa tisa akaingia mama yake Perisi,
vumbi la Mvumi hadi magotini.
Akatazama juu. Akatazama tena.

"Huyu anafuata maji?"
"Anakwenda Mirihi, mama."
"Ndiyo nauliza. Huko maji yapo?"
"Wanasema yapo chini, yameganda."
"Sasa atajitwishaje,
na kichwa umekifunika bilauri?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.
Alifungua kitenge cha juu, akakisokota,
akakizungusha kikawa ngata,
akaomba ngazi.

Niliishika mimi.
Nyayo zake zilisimama mbele ya macho yangu,
magaga yamepasuka huku na huku
kama njia za kisimani zinavyoonekana kutoka mlimani,
zote zikienda, zote zikirudi.
Alipofika juu alipapasa kile kioo
kama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto,
kisha akaitua ngata. Ikakaa.

Jioni, banda likifungwa,
Perisi alichukua kalamu, akainama kwenye kibao
palipoandikwa: viroba, vibuyu, kioo, waya.
Akaongeza: na kitenge cha mama.
Akafikiri kidogo.
Kitarudishwa.