Hati Mkato za Hanova

Mimi ndiye niliyeketi chini ya jukwaa,
kalamu ya risasi mkononi, zamu ya dakika kumi kumi,
nikiyadaka maneno ya Wiard Poppinga
kabla hayajapotea darini mwa bunge la jimbo.

Mara ya kwanza, mwaka sitini na saba,
alipanda na tope la mashambani likingali kisiginoni,
akatamka "Bwana Spika" kwa lafudhi ya pwani ya kaskazini,
ile inayotafuna mwisho wa neno kama ng'ombe na majani.
Viti vya nyuma vikacheka.
Nikaandika: (Kicheko.)
Hakugeuka. Aliuliza habari za daraja.

Daraja la Grotesiel, la mbao,
gari la maziwa hulivuka likiwa nusu tupu.
Mwaka uliofuata akauliza tena. Na uliofuata.
Waziri: suala linashughulikiwa.
Neno hilo lina alama yake, mkunjo mdogo kama ndoana;
hata usingizini naichora.

Kisha chama kikampeleka Bonn.
Miaka minane. Wenzangu wa huko wanasema
alisimama mara sita tu:
mara nne kwa ajili ya bei ya siagi,
moja kumpongeza mzee fulani kwa kutimiza sabini,
na ya sita kipaza sauti kilikuwa kimezimwa.
Alituletea kadi ofisini:
"Huku mto ni mpana, madaraja matatu.
Hakuna anayeuliza lolote."

Mwaka wa themanini jina lake likakatwa kwenye orodha.
Akarudi kwetu, mvi hadi kwenye nyusi,
na kantini nzima ikasema ameshuka.
Basi ameshuka. Mtaka cha mvunguni huinama,
naye aliinama, akavuta faili lilelile
lililoshikwa kutu kwenye vibanio.

Lilifunguliwa mwaka wa themanini na sita, la zege,
na waziri wa chama kingine, kwa mkasi wa kukodi.
Poppinga alisimama safu ya tatu, kwenye mvua.
Nasikia kesho yake alfajiri alikwenda peke yake
kulingoja gari la maziwa
livuke limejaa.

Hotuba ya mwisho ilikuwa fupi.
Aliwashukuru mabawabu, wapishi, mtu wa kupasha moto majengo,
halafu akatazama chini, pale ambapo hakuna atazamaye:
"Na Bi Frerichs, aliyeninyooshea sarufi
miaka yote, bila kuniambia."

Kanuni haziruhusu mwandishi kujiandika.
Sentensi hiyo haimo katika kumbukumbu rasmi;
tafuteni, hamtaiona.
Mahali pake niliweka: (Makofi kutoka pande zote.)

Si kweli. Upande wa kulia walikuwa wakisoma magazeti.
Miaka thelathini na moja kazini,
na huo ndio uongo wangu mmoja.