Ukurasa wa Machi

Jumamosi, saa nne kasorobo, Aili Koskela
huizima mashine ya kufulia katikati ya kazi,
nguo zikabaki zimelala majini.
"Mpangaji!" huniita, na jina langu analijua.
"Panda, wanaanza."

Napanda kutoka chini, nilikopanga chumba
chenye dirisha linalotazama magurudumu ya magari.
Nje, Thunder Bay imelaliwa na theluji ya juzi,
ile ngumu, ya kijivu, wasiyoitaka hata watoto.
Ndani kuna kahawa na mkate wa iliki.
Iliki, naam; wazee wake walikuja nayo kutoka Ufini.
Siku ya kwanza kuinusa nilinyamaza
kama mtu aliyeiona kanga ya mamake
imeanikwa kwenye kamba ya watu asiowajua.

Redio yakoroma, kisha sauti.
Mtangazaji alikwisha kuzikwa, Aili kaniambia,
lakini kila wiki hufufuka kwa saa tatu,
hututakia heri ya mwaka sabini na saba
na kuhesabu kinyumenyume, arobaini kushuka,
kama mtu anayeteremka ngazi gizani,
akipapasa kila kipandio kwa unyayo.

Matangazo ya biashara hawakuyakata:
duka la viatu lililoungua,
gari jipya ambalo leo ni kutu kondeni kwa mtu.
Aili huyapenda kuliko nyimbo.
Simu yalia. Ni Reino, mstaafu wa maghala ya ngano.
"Umeisikia thelathini na moja?"
"Kata simu, Reino, bado inapigwa!"
Hakati. Redio yake iko nyuma ya yetu sekunde mbili,
basi kila ubeti tunaupata mara mbili,
chumbani, halafu simuni, kama mwangwi wenye mafua.

Leo hakuna mzaha. Leo kuna daftari,
moja kati ya kumi na moja, ya shule, jalada la buluu:
kila Jumamosi ya usichana wake, arobaini hadi moja,
kwa mwandiko ulioinama kama mtu anayekimbia mvua.
Machi, tarehe kumi na mbili, inafika ishirini na tatu.
Chini yake, mistari mitupu.
Dhoruba ilikata umeme.
Kakake, Veikko, akaapa kuwa wimbo wake
ndio uliokuwa kileleni usiku ule;
Aili akasema haukugusa hata kumi bora.
Wakawekeana dola mbili.
Noti yenyewe imo ukurasani bado,
ile nyekundu, isiyochapwa tena.

Ishirini na mbili. Aandika kwa penseli.
Ishirini na moja. Kahawa yapoa.
Kwenye kumi Reino kanyamaza, naye si mtu wa kunyamaza.
Kwenye tano Aili atabasamu.
Kwenye tatu aanza kuikunja ile noti.

Namba mbili.
Kinanda, halafu mwanamume anayelilia treni
kana kwamba treni ina masikio.
"Namba mbili," asema Aili. "Miaka yote hii.
Sote wawili wajinga."

Nami nikakumbuka kadi yangu ya salamu,
niliyoipeleka redioni nikiwa darasa la sita,
majina ishirini, la mama juu kabisa.
Jioni yake betri zilikufa.
Tulikuwa tumezianika juani kutwa, hazikusikia dawa.
Sijui kama nilisomwa.
Labda kuna kanda, stoo fulani, chini ya vumbi,
inayolitamka jina la mama yangu
ikakosea herufi moja.

Aili hakusikia namba moja.
Alikwisha kumkatia Reino, anapiga Moose Jaw,
kwa kaka waliyegombana naye juu ya shamba,
miaka sita sasa bila hata kadi ya Krismasi.
Simu yaita. Yaita.
Penseli ameishikilia juu ya mstari wa mwisho.
Mtangazaji anatuaga, anasema tuonane wiki ijayo,
na chini, nguo bado zimelala majini.