Arobaini ya Haradali

Nilifika bonde la Jura mwezi Aprili,
theluji ingali imejibanza nyuma ya zizi,
hadubini yangu imelala katika sanduku la sufi
kama yai.
Annelies Rüegsegger akaipokea kwa mikono miwili,
akaifungia kabatini pamoja na jibini,
akanipa penseli na kigoda cha miguu mitatu.

"Mche ule, kando ya ua.
Siku arobaini. Usiung'oe."

Haradali mwitu. Gugu!
Na mimi nimekwisha kusaga majani elfu,
nikapima maji yake, chumvi yake, sukari yake,
nikaandika tasnifu nene
isiyo na jani hata moja linalopepea.

Siku ya kwanza nilichora nilichokijua.
Akafuta. "Hilo ni neno," alisema, "si jani."
Siku ya tatu nilichora kwa hasira.
Ya sita ilinyesha; nilichora mvua.
Ya tisa nikaviona vinyweleo vya shinani,
vyote vimeinamia chini
kama manyoya ya paka anayepapaswa.

Jioni, chai ya mnanaa, taa imezimwa.
"Fumba macho. Lipande shina."
Majani yakanijia kwa zamu:
la kwanza umbo la figo, nene, la kitoto;
kisha pana, lenye mapande;
kisha meno ya msumeno;
kisha jembamba, karibu halipo,
kana kwamba mmea unajifunza kunyamaza
kabla ya kutamka njano.

"Sasa shuka."
Kushuka kulinitoa jasho.

"Mmea uko wapi?" aliuliza gizani.
Katika jani hili haumo. Katika lile haumo.
Nikasema: pale ninaporuka.
Hakujibu. Nilimsikia akimeza chai.

Siku za mwizi arobaini.
Wetu alikuja ya thelathini na moja:
ng'ombe wa jirani, kengele shingoni, hana haraka,
akaikata haradali ikabaki kisiki cha kidole.
Nikapiga kelele.
Akanitazama, njano midomoni.

Nilitaka kabati lifunguliwe, nirudi zangu Bern.
"Zimebaki tisa," alisema Annelies. "Chora."
"Nichore nini?"
"Ulichokuwa ukikitazama."

Nikaketi mbele ya kisiki.
Mkono ukaenda, ukasita, ukaenda,
ukafumbua ua ambalo halikuwahi kufumbuka,
na petali ya nne ikakaa mahali pake
bila kuniuliza.
Mimi si mtu wa kuapa.
Lakini siku hiyo nilisikia, ndani ya kuchunguza,
kuchunga kukikohoa, kumengoja miaka.

Hadubini ilirudi ikinuka jibini.
Chini ya lenzi: kuta, vyumba, kijani kikizunguka.
Nilivijua vyote kwa majina.
Nikavisalimu upya.

Daftari, ukurasa wa mwisho:
Siku ya arobaini. Mawingu.
Chipukizi ubavuni mwa kisiki, milimita nne.
Ng'ombe: malisho ya juu.
Penseli: kipande.
Naomba siku nyingine.