Nne ya Mashine

Kijitaa cha rangi ya chungwa kimewaka tangu alasiri.
Mwantumu, mlinzi wa zamu, ndiye aliyenipigia:
"Kuna kitu humu kinanikodolea macho."

Hospitali, Temeke, ghorofa ya pili.
Nje joto la Februari limelalia mabati;
humu ndani baridi, feni zinavuma
kama nyuki waliokatazwa kutoka.
Diski nane. Moja inakufa.
Ndani yao, vipande vipande, wamegawana
majina ya wajawazito, vipimo vya damu,
deni la mzee aliyelipa nusu akaahidi Ijumaa.

Mashine inasema: nne.
Nikashika trei ya nne, kidole kwenye kitufe,
nikakumbuka.

Mimi nilijifunza kuhesabu Mburahati, kwa vizibo vya soda,
na kizibo cha kwanza kilikuwa moja.
Mashine huanzia sifuri.
Nne yake ndiyo tano yangu.
Ni kama saa: yeye ameandika mbili,
mimi najua ni saa nane za usiku,
na hakuna mwongo kati yetu.

Ningechomoa nzima, nikaacha mgonjwa.
Zingebaki sita,
na sita haziwezi kukumbuka kwa niaba ya mbili.

Nikashusha mkono. Ulikuwa unatetemeka, sitaficha.
Nikagusa chuma cha kabati, umeme wa mwili ushuke.
Nikaamuru taa ya mgonjwa ipepese:
ikapepesa, ya tano.
Mwantumu akasoma namba ya lebo, mimi nikifuata kwenye karatasi.
"Zedi, tatu, tatu, sita..."
"Rudia."
"Zedi, tatu, tatu, sita! We vipi?"
Nakala ya jana ipo? Ipo. Nimeifungua, nimeisoma.

Nikaivuta kidogo tu, nikangoja.
Kitu kinachozunguka hakikwapuliwi.
Ilipotulia ndipo nikaitoa,
ya moto kama chapati.

Mpya nimenunua Kariakoo, muhuri nimeukata mwenyewe.
Ikaingia. Ka!
Asilimia moja.

Sasa saba zinamsimulia mgeni yote asiyoyashuhudia,
na huu ndio muda ninaouogopa:
ikichoka nyingine sasa, hadithi imekatika.
Mwantumu kachungulia dizeli ya jenereta,
karudi na chupa ya chai.
Asilimia kumi na tisa.

"Itamaliza saa ngapi?"
"Skrini inasema tano."
Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Kumi na moja, basi. Alfajiri."
Akavuta kiti, akakaa.