Ngozi

Mama yake Kazuhisa alinimiminia chai,
akauliza kwa sauti laini, bila kuniangalia:
"Kwenu hasa ni ng'ambo ipi ya mto?"

Swali hilo lina umri kuliko nyumba yake.

Weka mkono wangu kando ya wake,
hutaona mpaka. Macho yaleyale, lugha ileile,
wali uleule kwa vijiti vilevile.
Kinachotutenga ni ngozi ya ng'ombe.

Baba aliiloweka mtoni katikati ya baridi,
akaikwangua, akaisugua chumvi na mafuta ya mbegu,
akaikanyaga kwa nyayo tupu siku baada ya siku
hadi ikawa nyeupe kama unga wa mchele.
Vidole vyake havikunyooka tena.
Akaiwamba juu ya gogo, akapigilia misumari,
akaigonga kwa kidole kimoja, akatega sikio:
"Bado."
Wiki nzima, bado.
Kisha jioni moja: "Haya. Sasa inasema."

Ngoma ile imo hekaluni.
Kasisi huiinamia kabla ya kuipiga,
na sherehe za Julai zikija, mji mzima huifuata,
mama yake Kazuhisa akiwa mbele, upepeo mkononi.
Ngoma haiulizwi kwao wapi.

Sheria ilifuta jina letu la zamani. Karatasi ni safi.
Tuna treni zinazokimbia kuliko mshale,
na bado yupo mtu mwenye ofisi na kadi nzuri
anayelipwa kupekua babu za watu kabla ya harusi.
Kwetu alikuja kama mkaguzi wa gesi.
Mita iko nje. Yeye akatazama picha za marehemu ukutani.
Baba alijua. Akamkatia tunda.

Kazuhisa alikitazama kikombe chake.
Akaendelea kukitazama.

"Ng'ambo ile inayonuka, mama," nikajibu.
"Na Julai mnacheza mkono wa baba yangu."

Akatabasamu. Akafunika birika.
Nasikia kikombe nilichonywea hakimo tena kabatini.

Wahenga husema ngoma ikilia sana hupasuka.
Hawakuijua ya Tokumatsu:
mwaka wa thelathini huu inalia.
Usiku naisikia toka huku kwetu,
du, du,
mto upo palepale
wala hauizuii.